Mbaazi za Singe Zilivyotufikisha Geneva

Tangu nirudi nimesimulia safari hii vipande vipande: kidogo kwenye harusi kule Maisaka, kidogo nje ya kanisa, kidogo kwa kinyozi huku nusu ya kichwa ikiwa bado na nywele. Matokeo yake kila mtu mjini ana kipande chake, na vingine vimetiwa chumvi mpaka haviliki. Juzi nimesikia kwamba Mama Ester alikamatwa Ulaya na njiwa mkobani. Si kweli. Ni karibu na kweli, lakini si kweli. Kwa hiyo naandika yote mara moja, tangu mwanzo, ili anayetaka kuuliza asome kwanza.

Kwa wasiotufahamu, Mama Ester ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa mbaazi pale Singe, Babati. Ana miaka sitini na sita, mwili mdogo, sauti ndogo, na akikutazama tu unakumbuka kazi uliyoiacha nusu. Mimi ni katibu. Nilifundisha Kiingereza shule ya msingi hadi nikastaafu. Kikundi kilipoalikwa na wafadhili kupeleka mkulima mmoja Geneva, kwenye mkutano wa kanuni za biashara ya dunia, watu wote walikubaliana kwamba mkulima awe Mama Ester na mdomo wake wa Kiingereza niwe mimi.

Mbaazi zetu, mnajua, sisi wenyewe hatuzili sana. Karibu zote huenda India. Basi kuna mwaka tulivuna vizuri, magunia yakashonwa, halafu India ikatangaza kwamba mbaazi za nje haipokei tena, isipokuwa kidogo sana. Wanunuzi waliokuwa wakitupigia simu alfajiri wakawa hawapokei. Kwa Mama Ester magunia yalijaa chumba cha watoto, watoto wakahamia sebuleni, na fukusi wakahamia chumbani. Ester, kitinda mimba wake, akakaa nyumbani mwaka mzima badala ya kwenda chuo cha uuguzi. Tangu hapo mlango ule wa India umekuwa ukifunguliwa na kufungwa, na sisi hupata habari mwisho kabisa. Ujumbe tuliopewa na kikundi ulikuwa mfupi: nendeni mkawaambie wafungue mlango, na wauache wazi.

Habari za pasipoti, viza na picha za ukubwa maalumu siwasimulii. Zilikwisha, tukaondoka.

Babati hadi Kilimanjaro

Tuliondoka mapema kiasi kwamba tungefika Arusha kabla ya saa nne na kupumzika. Minjingu basi likaanza kutoa mvuke mbele. Rejeta ilikuwa imetoboka. Dereva alikuwa mtu mtulivu. Aliuliza kama kuna abiria mwenye sabuni ya mche. Mama Ester akafungua begi lake, akamkatia kipande. Mle ndani nikaona pia unga wa mahindi kilo mbili, karanga za kukaanga, blanketi, na mfuko wa mbaazi ulioshonwa kwa mkono.

"Mama Ester, unga wa nini? Tunakwenda siku sita tu."

"Siku sita bila ugali ni ugonjwa, Mwalimu."

"Na mbaazi?"

"Wanaozungumzia mbaazi bila kuziona, nitawaonyesha."

Ndani ya basi kulikuwa na kwaya ya Kilutheri inayokwenda kwenye tamasha. Sabuni ilipokuwa ikikauka kwenye tundu, waliimba nyimbo zao zote, kisha wakazirudia. Saa mbili zilipita. Dereva alipopiga honi ya kuondoka, nilikuwa nimeshajifunza sauti ya tatu ya wimbo mmoja na naimba nao. Uwanja wa ndege tulifika tunakimbia, Mama Ester mbele.

Ndege alikuwa hajawahi kuipanda. Wakati wa kuruka alishika rozari kwa mkono mmoja na goti langu kwa mwingine. Tulipokwisha kupanda juu ya mawingu aliliachia goti, akatazama nje muda mrefu, akasema tu, "Kumbe Kilimanjaro ina shimo katikati."

Addis Ababa, saa tisa za kungoja

Ndege ya pili tuliikosa kwa sababu ya kwanza ilichelewa. Tuliambiwa tungoje saa tisa. Mimi nilichukia, nikaketi na hotuba yangu. Sijawaambia habari ya hotuba. Nilikuwa nimemwandikia Mama Ester kurasa tatu za Kiingereza nzito, zenye "Mheshimiwa Mwenyekiti" mara nne. Nilikuwa najivunia kurasa zile kuliko ninavyopenda kukiri.

Sisi Wairaqw, mnatujua tulivyo sura. Pale Addis kila mtu alimwona Mama Ester kuwa mtu wa kwao. Askari alimsalimia kwa lugha yake. Mhudumu wa chai akamweleza jambo refu. Mwisho mama mmoja mfagiaji, wa umri wake, akaegemeza ufagio ukutani, akaketi pembeni yake na kuanza kumweleza habari ambazo bila shaka zilikuwa za uchungu, maana alikuwa akishika kiuno. Mama Ester akamjibu kwa Kiiraqw. Yule akashtuka, akacheka, akaendelea na cha kwake. Wakazungumza hivyo nusu saa, kila mtu na lugha yake, wakionyeshana viuno, magoti na picha za wajukuu. Alipoondoka akarudi na kahawa mbili ndogo zenye harufu ya karafuu.

"Alikuwa anasemaje?" niliuliza.

"Mkwe wake hamsaidii kazi," alisema Mama Ester bila kusita.

Mpaka leo sijui kama alibuni au alielewa.

Geneva, na habari yenyewe ya njiwa

Tulifika Geneva asubuhi, baridi inauma masikio. Kijana wa forodha alituuliza kwa Kiingereza kama tuna mimea, nyama au mbegu. Mama Ester aliposikia nimemtafsiria, alitoa mfuko wake kwa fahari na kuuweka mezani.

"Ni nini hiki?" aliuliza kijana.

Sasa, jina la mbaazi kwa Kiingereza lina neno "njiwa" ndani yake, halafu linafuata neno la kunde. Nilikuwa sijalala. Nilisema nusu ya kwanza, na nusu ya pili ikanitoka kichwani kabisa. Nikasimama pale mimi, mwalimu wa Kiingereza wa miaka thelathini, nimesema "njiwa" na kunyamaza.

"Njiwa?" kijana aliuliza, akiutazama mfuko ulioshonwa. "Wako hai?"

Nikasema hapana. Hilo halikusaidia. Akamwita mwenzake. Mwenzake akavaa glavu. Begi la Mama Ester likafunguliwa lote, blanketi likakunjuliwa, wakatafuta manyoya. Mama Ester aliuliza, "Wanatafuta nini?"

"Njiwa."

"Nani kawaambia tuna njiwa?"

Nikaanza kulikunja blanketi.

Walipokata uzi wa mfuko, wakaona mbaazi, wakacheka, na mimi neno likanirudia. Lakini kucheka hakukubadilisha kanuni. Mbegu bila cheti cha afya ya mimea haziingii. Kijana aliomba radhi kwa adabu kabisa, kisha akazimimina zote kwenye pipa la bluu. Unga hawakuugusa.

Mama Ester alilitazama pipa lile. "Kwa hiyo na huku wamefunga," alisema, akakunja mfuko mtupu na kuurudisha ndani ya begi.

Jikoni kwa watawa

Tulilazwa kwenye hosteli ya watawa, safi sana, kimya sana. Mama Ester alifurahi kwa sababu ya misa ya asubuhi. Ilikuwa kwa Kifaransa, lakini alisema misa ni misa, unajua sehemu za kupiga magoti. Chakula ndicho kilichotushinda. Mchana wa kwanza tulipewa mkate baridi wenye jibini inayonuka kama soksi, na watu wote wakila kwa furaha. Jioni Mama Ester aliniambia anakwenda jikoni kusonga ugali, na watawa wakitaka wamfukuze.

Jikoni tulikuta wanawake wawili. Mmoja alikuwa wa makamo, amevaa sari ya kijani na sweta juu yake na soksi nene, anakoroga sufuria. Mwingine alikuwa binti wa mjini mwenye miwani. Binti alijitambulisha kwa Kiingereza: anaitwa Priya, na yule mama ni Sunanda, mkulima kutoka Maharashtra nchini India, na yeye ni mkalimani wake. Wamekuja kwenye mkutano uleule, na kesho yake wangekaa chumba kimoja cha mkutano na sisi.

Mama Ester alichungulia sufuriani. Mchuzi wa njano, mzito, wenye bizari na vitunguu swaumu. Akachota kwa kijiko, akaonja, akanigeukia.

"Mwalimu, hizi si mbaazi?"

Priya akaeleza kwamba ndizo, ila zimekobolewa na kupasuliwa, hazioti tena, ndiyo maana forodha waliziacha. Mama Ester alicheka mpaka akashika meza. Miaka yote anazipanda, anazipalilia, anazipura, na hajawahi kuziona zimevuliwa koti. Akasonga ugali. Tukala wanne, ugali na mchuzi ule wanaouita dali, kwa mikono, na ninawaambia kweli, unakubali.

"Mwambie ni mimi ninayezilima," alisema Mama Ester.

Maneno yalikwenda hivi: mimi kwa Kiingereza kumpa Priya, Priya kwa Kimarathi kumpa Sunanda, na jibu likarudi njia ileile. Sunanda alionyesha viganja vyake. Na yeye analima mbaazi. Eka nne.

Basi Mama Ester akasimulia mwaka ule: magunia chumbani, fukusi, Ester kukosa chuo. Hakulalamika, alisimulia tu. Sunanda alisikiliza huku akiacha kula. Kisha akasema, na alisema kwa muda mrefu, na Priya akanitafsiria akiwa ameinamisha macho.

Alisema mwaka mmoja kabla ya huo, wao walikuwa wamevuna vizuri, halafu meli za mbaazi za nje zikaja moja baada ya nyingine. Hakuna mnunuzi aliyegusa magunia yao. Waliuza ng'ombe wawili wa kulimia. Msimu uliofuata ilibidi wangoje trekta la jirani mpaka jirani amalize kwake, wakapanda kwa kuchelewa, wakavuna vibaya. Alisema yeye ni mmoja wa wanawake walioketi barabarani mbele ya ofisi ya wilaya kudai mlango ufungwe. Na siku ulipofungwa, alisema, waligawana peremende.

Nilimtazama Mama Ester. Alikuwa akingoja, mkono na tonge hewani.

"Anasema pole sana," nilisema.

Mama Ester aliweka tonge chini. "Mwalimu. Amesema maneno mengi kuliko hayo."

"Ni mambo ya huko kwao."

"Nimevuka mawingu kuja kusikia mambo ya huko kwao. Sema."

Nikasema yote. Hata peremende nilizisema. Nilikuwa na hofu, maana niliyajua mambo aliyoyabeba kutoka Singe, na sikutaka ugomvi ndani ya jiko la watawa. Mama Ester alitazama mchuzi, akamtazama Sunanda, ambaye naye alikuwa amekaza uso kama mtu anayengoja kofi.

"Muulize hao ng'ombe walikuwa na majina?"

Nikauliza. Priya akauliza. Sunanda alifunika mdomo kwa ncha ya sari, na ilichukua muda kabla hajajibu.

"Sarja na Raja."

Mama Ester akayarudia majina yale polepole, akamwongezea Sunanda ugali.

Baada ya hapo mimi na Priya tulifanya kazi kama mashine ya kusaga. Mnapanda lini? Mnavuna lini? Mvua zenu zinatoka wapi? Mama Ester akachukua mbaazi ambazo Sunanda hajapika, akapanga kumi na mbili mezani, moja kwa kila mwezi. Wao hupanda Juni, Julai. Sisi Novemba, Desemba, mvua zikianza. Akaweka kidole kwenye ile ya Novemba.

"Wakati sisi tunafukia mbegu, zao ziko wapi?"

"Kwenye maua," Priya alijibu.

"Kwa hiyo mtu akisimama shambani kwao mwezi huu, anajua watavuna au hawavuni."

"Anajua."

Mama Ester alikiacha kidole palepale. "Basi sisi hupanda gizani, na taa iko kwao imewashwa."

Dakika mbili

Nilikuwa nimeuwazia ukumbi mkubwa wenye bendera. Upo, tuliupita. Chumba chetu kilikuwa cha watu thelathini, hakina dirisha, kina maji ya chupa. Mwenyekiti, mama mpole mwenye kilemba cha mvi, alitangaza kwamba wasemaji waliotangulia wamekula muda, kwa hiyo dakika tano za wakulima zimekuwa mbili. Nilianza kukata mistari kwenye kurasa zangu kwa kalamu. Mama Ester aliniondolea karatasi mkononi, akazikunja mara nne na kuzitia mfukoni mwangu.

"Utatafsiri nitakachosema. Usinipambe."

Akasimama. "Mimi nalima mbaazi Babati. Nilitumwa kuwaomba mfungue mlango. Lakini jana nimekula na mwenzangu huyu, na nimejua mlango ukiachwa wazi wakati wote, yeye anaumia. Ukifungwa ghafla, naumia mimi. Kwa hiyo sitaomba nilichotumwa. Naomba kingine. Kama mtafunga, tuambieni kabla hatujapanda. Nikijua, nitapanda alizeti, nitapanda maharage. Mimi si mjinga, mimi sina habari tu. Ahsante."

Sikuongeza neno hata moja, na haikuwa rahisi. Sunanda akasimama, akasema yake, fupi zaidi: na wao hawaambiwi. Husikia meli zimeshafika. Naye anaomba hilohilo, kwa upande wake.

Bwana mmoja wa wizara, sisemi ya nchi gani, alijibu kwa heshima kwamba serikali ina wajibu wa kulinda wakulima wake na walaji wake, bei hubadilika, na ni vigumu kuahidi mapema.

"Hata mvua hubadilika," alisema Mama Ester, "lakini mawingu tunaonyeshwa."

Watu walicheka, bwana yule naye akacheka, akaandika kitu kwenye daftari. Kisha muda ukaisha, wakaingia wa kundi lingine, wa mambo ya samaki. Baadaye tuliambiwa ombi letu limeingia kwenye ripoti. Niliisoma: mstari mmoja, na ndani yake Babati haimo.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na vituko, au labda mimi sikuwa na moyo wa kuviona. Angani nilikuwa nikijiuliza tutasema nini Singe. Tulitumwa kufungua mlango, na Mama Ester alikataa hata kuugonga. Nilimwambia hivyo.

"Wewe ungeomba?" aliniuliza.

Nilifikiri. "Kabla ya jioni ile ya jikoni, ndiyo."

"Basi tutawaambia hivyo."

Kikundi kilitupokea kwenye darasa la shule. Bwana Safari, mkulima mwenye shamba kubwa kuliko wote na asiye na subira, hakutungoja tukae. "Shikamoo Mama Ester. Wamefungua?"

"Marahaba. Hapana."

"Sasa mmekwenda kufanya nini? Kula jibini?"

Mama Ester alisimulia kama nilivyowasimulia nyinyi, hata ng'ombe aliwataja. Wengine walielewa. Wengine walitoka wakinung'unika kwamba tumekwenda kuwatetea Wahindi kwa nauli ya wafadhili. Wiki ile watu wawili walijitoa kikundini. Mama Ester hakuwabembeleza, lakini nilimwona jinsi alivyochelewa kufunga daftari la mahudhurio.

Singe, mvua za kwanza

Mwishoni mwa Novemba mawingu yalianza kushuka Mlima Kwaraa, na tukakutana tena kujadili mbegu. Mimi na Priya tulikuwa tumebadilishana namba. Asubuhi hiyo ulikuwa umeingia ujumbe wa sauti, na sikuwa nimemwambia mtu. Niliuweka kwenye spika ya simu. Kwanza Sunanda kwa lugha yake, sauti ikikwaruza, kisha Priya kwa Kiingereza, kisha mimi.

"Anasema mvua ilinyesha wiki mbili mfululizo wakati mbaazi zao zinatoa maua. Maua yameanguka. Kwenye wilaya yao wengi hawatavuna kitu. Anasema huko watu wameanza kusema serikali itahitaji nyingi kutoka nje. Anasema, pandeni."

Bwana Safari alipiga makofi. Akapiga meza. Darasa zima likalipuka, mtu mmoja akapiga vigelegele. Hata wale wawili waliojitoa, ambao walikuwa wamesimama dirishani kana kwamba wanapita tu, waliingia ndani.

Mama Ester aliwaacha kidogo. Kisha akasimama, na kwa ile sauti yake ndogo akasema, "Huyu anayetuambia tupande hana cha kuvuna. Angeweza kukaa kimya."

Makofi yalikufa moja moja. Bwana Safari alitazama viganja vyake, akavirudisha mapajani.

"Mwalimu, muulize kama kuna kitu anaweza kuwahi kupanda bado."

Nikatuma. Tukaendelea na habari za mbegu kwa sauti za chini. Kabla hatujafunga mkutano jibu liliingia: dengu. Udongo bado una unyevu, na safari hii jirani amekubali kuwapa trekta mapema. Wanaanza kesho.

Kesho yake nilikwenda shambani kwa Mama Ester saa mbili asubuhi, manyunyu yakiwa bado yanaanguka. Alikuwa ameshafika mstari wa tatu, kanga kiunoni, miguu peku.

"Shikamoo Mama Ester."

"Marahaba. Kwa Sunanda saa hizi ni saa ngapi?"

Nilihesabu. "Saa nne na nusu."

"Wameshatutangulia," alisema, akanikabidhi bakuli la mbegu.